Pazia na Ukuta Mkorofi: Maneno ya Fundi Seremala kwa Wenye Nyumba

Maneno yafuatayo yalisemwa na fundi seremala mmoja wa Mombasa mbele ya wakaaji wa mtaa wake, waliokusanyika jioni moja kusikiliza mafundisho ya kutunza nyumba. Twayachapa hapa, pamoja na maswali aliyoulizwa, kwa kuwa yatawafaa wasomaji wetu wa pwani na wa bara pia.



Jambo nililoombwa kulieleza wengine watalidharau, nalo ni namna ya kutundika pazia juu ya dirisha, mahali ambapo ukuta haukubali kushika. Najua wako watakaosema moyoni, "Je, pazia nalo lina elimu? Si nyundo moja na misumari miwili tu?" Hata mimi nalisema hivyo zamani, ingawa nilikuwa fundi wa miaka mingi, na maneno hayo yaliniaibisha mbele ya mama yangu mzazi, tena yalikaribia kuleta msiba nyumbani kwetu. Basi nitaanza na kisa hicho, kisha nitawaeleza niliyojifunza, ili nanyi msipatwe na yaliyonipata.

Nyumba ya mama yangu iko Mji wa Kale. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko, kama zilivyo nyumba nyingi za kale za pwani yetu. Chumba chake cha kulala chatazama magharibi, na baada ya alasiri jua huingia dirishani likapiga kitanda chote. Mwaka mmoja mama alitibiwa mtoto wa jicho, na daktari akamwagiza apumzike mahali pasipo mwangaza mkali. Nami, kwa kuwa ni mwanawe na ni fundi, nikanunua pazia la mianzi lile la kukunja kwa kamba, upana wake mita 2, nikalipeleka nyumbani kwa furaha. Nikapiga misumari minne ya inchi 3 juu ya dirisha. Ukuta uliipokea upesi mno. Kila msumari uliingia kana kwamba unaingia katika ndizi mbivu. Yalinipasa kuogopa, lakini nilifurahi kwamba kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Siku ya tatu upepo wa kusi ukavuma kwa nguvu. Pazia lilikuwa likijaa upepo na kurudi, likijaa na kurudi, tangu asubuhi. Mpwa wangu alikuwa amemlaza mtoto wake mchanga, wa miezi minne, juu ya kitanda cha mama. Akamwinua ili amwoge. Hajafika mlangoni, pazia likaanguka pamoja na ufito wake, na kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikang'oka ukutani kikaangukia mto ule ule aliokuwa amelalia mtoto.

Hakuna aliyeumia, na twamshukuru Mungu. Mama yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta huu umekupita umri. Ungeuliza kwanza." Usiku huo akahamia chumba cha nyuma, na kwa muda wa wiki mbili hakukubali kulala tena chini ya dirisha lile. Nawaambieni, hapana jambo limwumizalo fundi kama kumwona mamake anaiogopa kazi ya mikono yake.

Nikaenda kwa mwashi mmoja mzee aliyekuwa ametengeneza nyumba za mawe maisha yake yote. Alikuja, akakaa kitako, akautazama ukuta kwa muda mrefu bila ya kugusa chombo chochote. Kisha akaanza kuugonga kwa vifundo vya vidole, akitega sikio. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

KWANZA, UJUE UKUTA WAKO

Kuta zote hufanana zikiisha kupakwa rangi, lakini ndani yake hazifanani hata kidogo. Basi kabla ya kutoboa, gonga ukuta polepole mahali pengi. Sauti ikiwa nzito na kavu, ndani ni pazima. Sauti ikiwa kama ya debe tupu, lipu imeachana na jiwe, au kuna uwazi ndani. Mahali hapo pasitegemewe kwa mzigo wowote.

Kisha toboa tundu moja dogo mahali patakapofichwa na pazia, uangalie unga utokao. Unga mweupe na laini ni wa chokaa au wa tumbawe. Unga wa kijivu ni wa saruji. Unga mwekundu ni wa tofali la kuchomwa au wa udongo. Tena uone kama unga wabadilika kadiri unavyoingia ndani. Kwa kuwa mara nyingi juu kuna lipu, na nyuma yake kuna jiwe lenyewe. Ukitoboa ghafla chombo kikaingia bila ya kuzuiwa, umefika penye uwazi.

Nyumba za matumbawe zina tabia yake. Mawe yake hayakuchongwa sawasawa, bali yalipangwa makubwa kwa madogo, na katikati yakajazwa chokaa na mchanga. Ukuta waweza kuwa na unene wa nusu mita, nao hubeba dari nzito kwa karne nzima. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593 hata 1596, ni ya mawe hayo hayo, na mpaka leo imesimama. Vivyo hivyo mji wa Lamu, ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Basi ukuta wa namna hii si dhaifu. Nguvu yake ni ya kubeba mzigo uukandamizao kutoka juu, lakini haupendi kitu kinachouvuta kuelekea nje. Nami nilipiga misumari yangu katika chokaa iliyokuwa baina ya mawe mawili, kisha nikatundika kitu ambacho upepo wakivuta nje mchana kutwa.

Nyumba mpya zina ukorofi wa namna nyingine. Nyingi zajengwa kwa matofali ya saruji yenye uwazi ndani, ambayo ganda lake ni jembamba. Juu ya dirisha pana boriti ya zege yenye nondo za chuma ndani yake, ambayo ni ngumu mno hata keekee ndogo hulia tu bila ya kuingia. Huko bara wengi hujenga kwa mawe yachongwayo machimboni, nayo mengine ni laini na mengine magumu. Na kuta za udongo na fito zina nguvu yake katika nguzo, si katika udongo.

PILI, UJUE MZIGO WAKO

Watu hupima pazia mkononi, wakasema, "Hili ni jepesi." Lakini uzito wa pazia si kitu kimoja tu. Kishikio kikitokeza nje ya ukuta, hufanya kazi kama mtaimbo, na kadiri kinavyotokeza ndivyo skrubu ya juu inavyovutwa itoke.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila kishikio kimebeba kilo 5, na ufito uko sentimita 10 mbali na ukuta. Ikiwa skrubu ya juu iko sentimita 5 tu juu ya ncha ya chini ya bamba, basi skrubu hiyo huvutwa nje kwa nguvu ya kilo 10, yaani mara mbili ya uzito wenyewe. Lakini ukichagua bamba refu zaidi, skrubu ya juu ikawa sentimita 10 juu ya ncha ya chini, nguvu ile hupungua ikawa kilo 5. Kwa hiyo unaponunua vishikio, chagua vyenye bamba refu, na ufito usitokeze mbali kupita haja.

Zaidi ya hayo kuna nguvu ya mkono uvutao kamba kila asubuhi na jioni, kuna mtoto atakayejining'iniza siku moja, na kwetu sisi wa pwani kuna upepo. Tangu Aprili hata Septemba kusi huvuma, kisha mwishoni mwa mwaka kaskazi nayo huanza. Pazia lisilofungwa chini huwa kama tanga. Basi weka kulabu ndogo mbili chini ya dirisha, na pazia likiteremshwa lifungwe hapo. Jambo hili hugharimu kitu kidogo sana, nalo huondoa nusu ya taabu yote.

TATU, NJIA ZA KUSHIKA

Sasa nitaeleza njia nne. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, basi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hapana pabovu.

Njia ya kwanza ni kuuacha ukuta kabisa. Wengi hawaifikirii. Ikiwa fremu ya dirisha ni ya mti mzima usioliwa na mchwa, pazia laweza kufungwa ndani ya fremu yenyewe, na mzigo ukachukuliwa na mti. Au ikiwa boriti za dari ziko karibu na ukuta, ufito waweza kuning'inizwa kwa kulabu zilizopenyezwa katika boriti. Lakini uchunguze boriti kwanza kwa ncha ya kisu. Ikiingia kwa wepesi, mti umeoza au umeliwa, usiutumaini.

Njia ya pili ni skrubu na kizibo cha plastiki. Kizibo hiki hutiwa katika tundu, na skrubu inapoingia ndani yake hukitanua, kikabana ukuta pande zote. Kizibo cha plastiki cha namna tunayoitumia leo kilibuniwa mwaka 1958 na Mjerumani mmoja jina lake Artur Fischer. Kabla ya hapo watu walitumia nyuzi zilizogandamizwa, au vipande vya mti. Ni chombo kizuri, lakini chahitaji ukuta mzima wa kukibana. Katika zege, tumia keekee ya umeme yenye kupiga, na ncha ya kutobolea mawe. Ukihisi ncha imegonga chuma, acha papo hapo usogee pembeni. Usilazimishe, kwa kuwa nondo ile ndiyo ishikayo boriti. Katika ukuta laini wa chokaa usitumie mapigo kabisa. Toboa kwa kuzungusha tu, anza na ncha nyembamba, kisha upanue kidogo, na tundu liwe jembamba kuliko kizibo kwa milimita 1 ili kiingie kwa kubanwa. Tundu lipite lipu lifike katika jiwe lenyewe. Kizibo kilichokaa katika lipu peke yake ni bure. Tena puliza vumbi lote litoke, kwa kuwa vumbi likibaki kizibo huteleza.

Katika matofali yenye uwazi, kizibo cha kawaida huzunguka ovyo bila ya kushika. Hapo tumia vile virefu vinavyojikunja nyuma ya ganda la tofali, au bolti yenye mabawa yanayofunguka ndani ya uwazi. Mzigo ukiwa mzito, ni heri kurudi kwenye boriti ya zege iliyo juu ya dirisha.

Njia ya tatu ni kigingi cha mti kilichojengewa kwa chokaa, na hii ndiyo aliyonifundisha yule mwashi. Chimba tundu la mraba kwa tindo, kwa mapigo mepesi, upana wake sentimita 4 hivi, na kina chake sentimita 8 au 10. Ndani liwe pana kidogo kuliko mdomoni. Chonga kigingi cha mti mgumu uliokauka, kama mbambakofi, upande wa ndani uwe mnene kidogo kuliko upande wa nje, nao upite mdomoni kwa shida. Safisha tundu, ulinyunyizie maji, ulijaze udongo wa chokaa na mchanga, kisha uingize kigingi na ukishindilie kwa vijiwe vidogo pembezoni. Halafu ungoje. Chokaa hukauka polepole, kwa kuwa hupata ugumu wake kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka nje. Ngoja wiki mbili kabla ya kukitia skrubu.

Mtaniuliza, "Kwa nini tusitumie saruji, ambayo hukauka kwa siku chache?" Nami nalimwuliza mwashi swali hilo. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na tumbawe, tena haipitishi unyevu vizuri. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hukusanyika pembeni mwa saruji ile, pamoja na chumvi ya bahari, na baada ya misimu michache jiwe huanza kumomonyoka. Ukarabati wa chokaa na ufanywe kwa chokaa.

Njia ya nne ndiyo niipendayo kuliko zote kwa kuta korofi, nayo ni ubao mrefu. Chukua ubao mnyofu, upana wake sentimita 10, unene wake sentimita 2 na nusu, na urefu wake uzidi dirisha kwa sentimita 30 kila upande. Ubao huu ufungwe ukutani juu ya dirisha kwa skrubu tano au sita, kila moja mahali ambapo umegonga ukasikia pazima. Haidhuru kama skrubu hazikupangika kwa vipimo sawasawa. Ukuta ndio utakaochagua. Kisha vishikio vya pazia vifungwe katika ubao, mahali popote upendapo. Mzigo ambao ungevutwa na matundu mawili sasa unagawanywa baina ya matundu sita, na hata moja likilegea, mengine hushika. Ubao ukiisha kupakwa rangi ya ukuta, mgeni hatauona.

Yafaa kukumbuka mambo matatu zaidi. Hewa ya bahari hula chuma, basi tumia skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi ziliko, kwa kuwa nyaya za umeme aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Ukiwa na shaka, zima umeme wa nyumba nzima, na umwite fundi wa umeme. Na ujikinge macho na pua, kwa kuwa unga wa mawe ni adui wa mapafu.

NNE, KAMBA NA WATOTO

Hili ni neno zito kuliko yote niliyoyasema. Mapazia mengi ya kukunja huvutwa kwa kamba, na kamba nyingine ni za kitanzi. Katika nchi mbalimbali watoto wadogo wamenyongwa na vitanzi hivyo. Mtoto husimama kitandani, hutia kichwa katika kitanzi akicheza, huteleza, na hawezi kujitoa wala kupiga kelele. Jambo hili huisha kwa dakika chache, na mama yuko chumba cha pili akidhani mtoto amelala.

Kwa sababu hiyo, katika Marekani kanuni za watengenezaji zilibadilishwa mwaka 2018, ili mapazia yauzwayo tayari madukani yasiwe na kamba zinazoning'inia mahali ambapo mtoto aweza kuzifikia. Na katika nchi za Ulaya kanuni za mwaka 2014 zilitaka mapazia ya kamba yawe na vifaa vya kumkinga mtoto. Sisi nasi tusingoje kanuni. Ukinunua pazia, chagua lisilo na kamba ikiwezekana. Ukiwa nalo la zamani lenye kitanzi, funga ukutani kibanio cha kuvutia kitanzi kiwe kimekazwa siku zote. Kamba za kawaida zizungushwe juu ya kishikio cha pembe mbili, kisichopungua sentimita 150 kutoka sakafuni. Na kitanda cha mtoto, wala kiti, wala kasha asiloshindwa kulipanda, kisiwekwe chini ya dirisha lenye kamba.

MWISHO WA KISA

Mtapenda kujua mambo yalikwishaje kwa mama yangu. Mimi na yule mwashi tuliiondoa lipu mbovu, tukaziba ukuta kwa chokaa, na tukaweka vigingi vitano vya mbambakofi. Tukangoja wiki mbili kamili. Kila siku nilipopita, mama aliniuliza, "Bado?" nami nikajibu, "Bado, mama." Kisha tukafunga ubao, tukafunga pazia juu yake, na kulabu mbili chini. Kamba nikaikata ikawa fupi, nikaifungia juu.

Nikamwambia mama, "Sasa waweza kurudi chumbani kwako." Akanitazama kwa jicho lake lililopona, akasema, "Lala wewe kwanza." Nikalala chini ya dirisha lile usiku tatu, na kusi ikivuma. Siku ya nne alichukua mto wake mwenyewe, akarudi. Tangu siku hiyo sijatundika kitu katika nyumba ya mtu bila ya kujiuliza kama mimi mwenyewe ningelala chini yake.

MASWALI NA MAJIBU

Mama mmoja aliuliza: "Bwana fundi, mimi nakaa nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba amekataza kutoboa kuta. Nifanyeje?"

Fundi akajibu: "Mama, uko ufito wa springi unaojibana wenyewe baina ya kuta mbili za shimo la dirisha, nao hauhitaji tundu hata moja. Lakini uufungie kitambaa chepesi tu, usiutundikie mianzi wala pazia zito. Njia nyingine ni kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga ubao mmoja katika fremu ya dirisha, ukamwahidi kwamba utauacha hapo utakapohama. Wengi hukubali, kwa kuwa faida ni yao pia."

Kijana mmoja aliuliza: "Je, gundi hizi kali za kisasa hazitoshi?"

Fundi akajibu: "Gundi yenyewe yaweza kuwa kali, mwanangu, lakini yaushika uso wa ukuta tu. Ukuta uliopakwa chokaa au rangi iliyochakaa, gundi hushika rangi, na rangi ikabanduka pamoja na pazia. Juu ya kigae laini au mti uliosafishwa vizuri yafaa kwa kitu chepesi. Juu ya kitanda cha mtu usiitumaini."

Mzee mmoja aliuliza: "Nyumba yangu ya shamba ni ya udongo na fito. Nami nataka pazia, kwa kuwa jua halichagui nyumba."

Fundi akajibu: "Ni kweli, mzee wangu. Tafuta nguzo zilizo pande mbili za dirisha. Gonga, au penyeza msumari mwembamba mpaka uguse mti. Kisha funga ubao kutoka nguzo hata nguzo, kwa skrubu ndefu zinazopita udongo na kuingia katika mti. Ziba ufa wowote ulioufanya, siku hiyo hiyo, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uangalie mchwa kila mwaka, kwa maana nguzo ikiliwa, ubao hauna pa kushika."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliuliza: "Na pazia likiisha kutundikwa, kazi imekwisha?"

Fundi akacheka, akajibu: "Haijaisha, bibi. Kila msimu wa upepo unapobadilika, shika ufito kwa mkono uutikise kidogo. Skrubu ikicheza, ikaze mara moja. Ukiona unga mweupe umeanguka juu ya kizingiti cha dirisha, ujue ukuta unakupa habari. Teremsha pazia siku hiyo hiyo, umwite fundi, wala usingoje kesho."